Sakafu Inayoelea

Bi Somoe alisema kabla sijavua viatu:
"Friza haitoki."
Ndani mna kilo arobaini za pweza wa Msimbati,
zimeshalipiwa, na gari la Masasi linapita Alhamisi.
Nikaitazama: nyeupe, ndefu, inanguruma peke yake,
miguu minne imetulia juu ya saruji nyekundu
ambayo marehemu Nantembo aliisugua kila Ijumaa
kwa polishi ya kopo na kumbi la nazi.

Laminati ilikuwa makasha tisa, ya mnada,
yaliyobaki wageni wa gesi walipofungasha kule Shangani.
Mbao zisizo mbao: karatasi iliyochapwa picha ya mti,
na fundo la tawi linajirudia kila ubao wa sita.
Nilipomwonyesha alicheka.
"Kama wajomba zangu. Sura moja, Chikongola nzima."

Jiko la gesi lilitoka bila ubishi,
likaacha ramani ya mafuta na kijiko kilichopotea tangu Mfungo Mosi.
Nikatandika sponji. Nikapima. Nikapima tena.
Ulimi kwenye mfereji, inamisha, shusha,
nyundo ya mpira: ta.
Bakiri, kijana wangu, akazisukuma hadi zikabusu ukuta.
Acha nafasi, nikamwambia, kidole cha mwisho, pande zote.
Hii haina msumari, haina gundi, inaelea;
masika inajaa, kiangazi inasinyaa.
Ukiibana itatunga mgongo katikati
mama wa watu ajikwae na sufuria ya wali.

"Na friza je?"

Hapo ndipo penyewe.
Kuweka chuma na pweza juu ya kitu kinachoelea
ni kumkalia mtu upindo wa kanga:
akiinuka, inachanika.

Saa nane umeme ukakatika.
Friza ikanyamaza, na ndipo tukagundua
kwamba tangu asubuhi tulikuwa tukipiga kelele.
Bi Somoe akaleta blanketi, juu yake mkeka,
akaifunika kama mgonjwa wa homa.
"Asifungue mtu."
Akakaa juu ya ndoo na sahani ya ming'oko,
akaimenya polepole, bila kututazama.
"Alianzia pale," akasema, "chini ya friza, kabla haijaja.
Akirudi nyuma, akirudi nyuma, hadi mlangoni,
asije akakanyaga kazi yake."
Sikujibu. Na mimi narudi nyuma hivyo hivyo.

Nikahesabu mbao. Zimebaki saba.
Kufika ukuta ulio nyuma ya friza zilitakiwa kumi na moja.
Hesabu na mjane walikuwa wamekubaliana
kabla mimi sijaulizwa.

Nikachana boksi tupu, nikakata kielelezo,
nikalala kifudifudi na tochi ya simu mdomoni.
Msumeno wa umeme umekufa, basi wa mkono,
na unga wa ile picha ya mti ukaniingia puani.
Nikaizunguka friza ubao kwa ubao,
kila ukingo kidole kimoja kabla ya mguu wa chuma,
kama unavyompitia mtu anayeswali.

Bakiri akanong'ona:
"Siku akija kuihamisha? Wataona kiraka chekundu.
Watasema fundi alikuwa mwizi."

Kweli, watasema. Nami nina jina mjini, dogo, lakini ninalo.
Nikaugeuza ubao wa mwisho, nikampa penseli ya sikioni.
Andika: *Hapa tuliambiwa tuache.*
Akaandika "tuwache". Nikaisoma, nikamwacha.
Umeme ukarudi saa kumi na moja; friza ikakohoa,
Bi Somoe akakunja blanketi
akaenda kutafuta chenji ya noti kubwa.
Nikaugeuza tena, maandishi chini.
Inamisha, shusha.
Ta.