Mirabaha ya "Kutu"

Kesi imeahirishwa. Hakimu ana mafua,
au faili limepotea, kila mtu amesikia lake.
Tunashuka ngazi za Milimani, watu wanne wenye fulana nyeusi
Alhamisi mchana, kama tuliotoka kuzika.
Askari wa lango anauliza, "Nyinyi ni wa kanisa gani?"

Tunavuka hadi kwa Mama Moraa, chai na mandazi ya jana,
na kesi inaanza upya, safari hii bila hakimu.

Kariithi anasema wimbo ni wa Lumadede,
sauti yake, jasho lake,
gitaa lile alilinunua kwa kuuza pikipiki ya marehemu babake.
Nani mwingine aliyevunjika jino kwa maiki pale Ngara
na akaendelea kuimba?
Apewe mirabaha yote, mpaka senti ya mwisho.

Chemwolo anacheka, chai inamtoka puani.
"Yote? Unajua ni pesa ngapi?
Imo kwenye hati ya kiapo, ukurasa wa kumi na nne:
shilingi elfu mbili mia tatu na arobaini.
Miezi sita, redio zote za nchi!
Na wakili analipwa elfu thelathini
kwa kusimama tu na kusema, 'Mheshimiwa, tunaomba tarehe nyingine.'"

Syombua hacheki. Syombua ana daftari.
Kila kesi ameiandika kwa kalamu ya rangi yake:
nyekundu, ile ya kumpiga promota kwa stendi ya maiki;
kijani, kodi ya nyumba ya South B;
bluu, Lumadede dhidi ya Osundwa na wenzake wawili,
kuhusu nani alitunga "Kutu".
Bluu imemwishia wino mara mbili.

"Kutu". Dakika tatu na sekunde hamsini.
Tuliuimba kidato cha tatu tukigonga madawati
hadi mwalimu wa zamu akaja na kiboko,
naye, jamani, akasimama mlangoni kwanza,
akangoja kiitikio kiishe.
Sasa wameukata kama nyama ya nusu kilo:
maneno asilimia arobaini na tano, gitaa arobaini,
besi kumi na tano, na ngoma,
anasema wakili wa Lumadede,
ngoma si utunzi, ngoma ni kelele yenye mpangilio.

Hapo napuliza chai iliyokwisha kupoa.

Kwa sababu nina kanda.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, nabeba nyaya zao Jericho,
gereji ya mjomba wa Osundwa, grisi huku,
na huku harufu ya mikate ya jirani.
Nilibonyeza kitufe chekundu kujaribu betri tu.
Inasikika mvua juu ya mabati, mtu anakohoa,
kisha Osundwa anapiga magoti yake kwa viganja,
ta-ka, ta, ta-ka-ta,
na anaivumisha sauti ile, ile yenyewe, mwanzo hadi mwisho,
kabla gitaa halijatoka kwenye mfuko.
Halafu Lumadede: "Rudia hiyo. Taratibu."

Rudia hiyo. Taratibu.
Miaka kumi na minane naisikiliza nikiwa nimefunga mlango.
Lumadede ndiye aliyenifundisha kordi ya kwanza,
akanishika kidole kimoja kimoja, akaniwekea kwenye nyuzi.
Osundwa ananiita "wewe wa nyaya".
Jina langu halijui hadi leo.

"Wewe unasemaje, Githae?" Syombua ananiuliza,
kalamu ya bluu iko tayari.

Nasema wote wana makosa.
Nasema pesa zenyewe ni kidogo, waketi, wayamalize nyumbani.
Kariithi anatikisa kichwa, eti hayo ndiyo maneno.
Chemwolo analipa, mia mbili na arobaini,
"mirabaha ya siku kumi na nane na nusu," anapiga hesabu kwa sauti,
na Mama Moraa anadai ya mandazi aliyosahau.

Tarehe mpya ni tisa, mwezi ujao.
Nikifika nyumbani nitatoa betri kwenye redio kaseti.
Au nitatia mpya.