Ritifaa

Mwezi wa tatu, siku ile ya mvua ya mawe,
mashine ilituandikia: muda wenu umekwisha, lipeni.
Vitabu vilikuwepo. Ningeweza kuvigusa,
elfu sita na mia mbili na kidogo,
migongo yake inanuka unyevu wa Nguba.
Lakini katalogi ilikuwa imefungwa,
na ufunguo uko kwa mtu
asiyejua Bukavu iko upande gani wa ziwa.

Sisi tunaoazimisha watu vitabu,
kumbe hata daftari la kuandikia nani kaazima nini
tulikuwa tumeliazima.
Nguo ya namna hiyo, wahenga walishasema inasitiri nini.

Mushagalusha akaja na flashi, ndogo kama kidole cha mtoto.
Programu huria, akasema.
Mkurugenzi akauliza bei.
Haina bei.
"Basi ni ya bure."
Na neno hilo, kwa lugha yetu, lina milango miwili:
kisicholipiwa, na kisichofaa kitu.
Mkurugenzi alikuwa amesimama kwenye mlango wa pili.

Nisiwadanganye, tulilipa.
Tulilipa usiku. Umeme ulikuja saa nane,
tukaamka, tukanakili fishi moja moja
kwa mwandiko wa marehemu Padri Lwaboshi,
wino umekwajuka, saba yake kama moja,
moja yake kama tone lililoteleza.
Saa kumi umeme ukaondoka bila kuaga,
ukaondoka na vitabu mia na kumi tusivyokuwa tumehifadhi.
Mushagalusha alilia.
Mimi nilikwenda kutafuta mikate.

Lakini nilitaka kusimulia habari ya jina.
Anayefungua mlango wetu kila asubuhi, kabla hata sijapangusa meza,
ni mwalimu Nsimire M'Birindwa.
Kwa Mashi, ile M' ni binti wa.
Mashine ya zamani haikuitaka alama hiyo;
ukiibonyeza, kioo kinageuka cheupe.
Kwa hiyo miaka tisa kadi yake ilisema Mbirindwa,
neno lililofungwa, mwanamke bila baba,
na kitabu cha ufugaji kililala chini ya "ngombe",
mnyama asiyejulikana Walungu wala Kabare.
Tuliandika barua. Wakajibu: katika toleo lijalo.
Toleo lijalo lilikuwa na bei yake.

Hii mpya nayo ilikataa.
Siku ya kwanza tu, kioo cheupe, yale yale,
na mkurugenzi akakohoa nyuma yetu.
Ila hii tumbo lake liko wazi.
Mushagalusha akaingia humo, akasoma siku mbili,
kama mtu anayefumua kikapu ajue kilianzia wapi,
akafika mahali ambapo mtu fulani, bila ubaya wowote,
alidhani majina ya dunia nzima ni herufi tupu.
Akabadilisha mstari mmoja.
Mmoja! Nilitarajia kitu kirefu zaidi.

Kisha akaupeleka kwa wale wanaoitunza programu, popote walipo.
Siku ya nne wakaandika asante.
Wakasema kuna maktaba kisiwani, mbali huko,
ambako watu pia wana majina yenye kidoa,
nao walikuwa wanangoja.
Nimewafikiria sana watu hao.
Sijui wanakula nini, wala mvua yao inanyeshaje.

Mkurugenzi hajasema tena neno bure.
Hajasema pia kwamba alikosea.
Anasema "mashine yetu", na anaivuta ile "yetu"
mbele ya wageni.

Jumatatu nikamchapia mwalimu kadi mpya.
Aliisomea dirishani, penye mwanga,
akaweka ukucha juu ya ile ritifaa,
ndogo kuliko punje ya ulezi,
akauliza kama itafutika ikilowa.
Nikamwambia sijui.
Nikamwambia ikifutika, uje.
Sasa tunajua inapoandikwa.