Kipande

Ekari kumi na moja na robo, kaunti ya Lavaca, Texas.
Geti la bomba linalia kama punda mwenye kikohozi.
Bi Verna Janak ananionesha mpaka kwa kidevu,
mikono yake imo mifukoni:
"Hadi ule mwaloni. Kisha fuata waya.
Waya ukikatika, ng'ombe wa Dalton watakuja kukusalimia."

Nimevaa viatu vyeupe vya hospitali.
Nimetoka zamu ya usiku, harufu ya dawa bado imo nyweleni,
na mimi huyu nanunua mbigili.

Nauliza maji. Kisima kina futi mia mbili na arobaini,
maji yana chuma, yatazipa shuka zangu rangi ya chai.
Nauliza nyoka.
"Nyoka sikutozi," anasema. "Hao ni bakshishi."

Nilionywa nisinunue mbuzi kwenye gunia,
basi nimelifungua gunia, nimekagua hadi kwato:
bati limeinuka upande wa kusini,
jikoni limao likidondoka linakimbilia mlangoni,
ghalani trekta bila injini, na juu yake bundi.
Mama angerudi garini hapo hapo.
Mimi nimeshalipa amana; hofu haimo kwenye bajeti.

Mjini, kwenye ofisi ya hati,
kijana mwenye tai anasoma, kidole kinatambaa:
mafuta, gesi, na chochote kilichoko chini
viliuzwa mwaka wa hamsini na nne
kwa watu wa Tulsa, na warithi wao, na warithi wa warithi wao.
"Kwa hiyo mimi nanunua nini?"
"Uso wa ardhi, bibi."
Uso.
Ngozi ya ng'ombe, nyama ina wenyewe.
Bi Verna anatazama dirishani.
"Hata sisi, miaka sitini tumekaa juu ya ngozi."

Na kuna sharti, kwa mwandiko wake mwenyewe:
hatua sita kwa nne chini ya mti wa pekani hazimo.
Amelala Emil, aliyeishi siku tisa.
Kila Novemba atakuja na ufagio.
Nikamwambia, ufunguo wa geti usirudishe.

Kalamu ikasita hapo.

Baba alikata mkonge Korogwe.
Alikuwa na kipande: karatasi ngumu, visanduku thelathini,
kila siku iliyotimia, msimamizi akatia alama.
Siku ya homa, kisanduku kitupu.
Alikificha ndani ya kopo la maziwa ya unga,
na nyumbani neno hilo lilisemwa kwa sauti ya chini:
kipande kimejaa,
kipande hakijajaa,
kipande kimelowa mvua, tutakula nini.
Aliujua kila mstari wa shamba lile kwa nyayo
na hakumiliki hata kivuli cha jani.

Benki nayo ina visanduku vyake:
mia na themanini, mwezi kwa mwezi.
Nina miaka hamsini na sita. Piga hesabu.
Nikacheka peke yangu, kijana wa tai akainua macho.
Nikaandika jina lote, herufi kwa herufi,
Mwanjaa Shekiondo,
na Shekiondo nikaikandamiza mpaka ikatokeza karatasi ya pili.

Siku ya tatu Dalton Hruska alisimamisha gari getini.
Hakusema karibu. Alinipa koleo ya waya.
"Upande wa mashariki umelegea, na jua halingoji."
Mgeni siku mbili; kumbe hesabu hiyo hata huku wanaijua.
Tukakaza waya hadi ukaimba tukiugusa.
Kiganja kikachanika. Hakuuliza natoka wapi
mpaka alipokuwa anaondoka, na hata hapo
aliuliza kama kwetu mvua hunyesha.

Alipokwenda, nilianza kutembea kutoka mlangoni
kuelekea mwaloni, nikihesabu hatua kwa sauti
kama baba alivyohesabu mistari.
Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini.
Miguu ikasimama yenyewe, kwa mazoea yasiyo yangu,
ikingoja mtu atie alama.

Thelathini na moja.