Kabati la Tatu, Droo ya Chini

Yamelala juu ya pamba, kila fuvu na namba yake
kwa wino mweusi kwenye paji:
mia na tatu, mia na nne, mia na tano.
Wengine walivuka na boti kutoka Mokowe,
wengine waliokotwa jalalani Langoni, asubuhi
baada ya watu wa baraza la mji kupita na nyama.
Mbwa hafi maji akiona ufuko, husema wazee.
Kuhusu nyama hawakusema kitu.

Siku ya kwanza ya kazi nilikwenda kumuuliza Maalimu Famau.
Hakuinua macho kwenye kofia aliyokuwa akiidarizi.
"Mfupa mkavu, mkono mkavu, hapana neno.
Ukitoka jasho, shauri lako."
Nikatoka jasho. Ni Machi, na feni ya stoo
huzunguka kama mtu aliyenyimwa mshahara.
Nikavaa glavu.

Shughuli yenyewe ni ndogo:
urefu wa fuvu, upana wa kaakaa, meno.
Mbwa mzima ana arubaini na mawili,
ishirini juu, ishirini na mawili chini;
wa kwetu ni wachache wanaotimiza.
Yuko aliyetafuna mnyororo.
Nilikuwa nikiandika bila kufikiri,
kama muuza duka anavyopima mchele,
mpaka mia na kumi na tisa.

*Jike. Mzee. Mkomani, nyuma ya gofu.*
Taya la chini lilivunjika upande wa kushoto
(jiwe, au mpini wa jembe)
kisha likaunga.
Nililigeuza chini ya taa.
Mfupa umeota juu ya ufa, mnene, umepinda,
kama mshono wa mtu aliyeshona gizani.

Sasa fikiri. Taya likivunjika
mbwa hatafuni. Mwezi mzima, miwili,
kichwa cha samaki kimemshinda,
hawezi kugombana na paka wa mji huu
ambao kila mlango huwatupia dagaa na kuwaita kwa majina.
Jiwe halimuui. Njaa ndiyo humaliza.
Huyu haikummaliza.
Mtu alimpa uji.

Mtu gani, Mkomani, mlango upi?

Bibi yangu Mwanamkuu alikuwa na sahani ya bati.
Kila alfajiri, uani, watu hawajatoka msikitini,
aliiosha mara saba,
ya kwanza kwa udongo wa kopo la mrehani,
nami nimechuchumaa kando, kazi yangu kuhesabu.
Moja. Mbili. Nikikosea, tunaanza upya.
"Kwa nini saba, bibi?"
"Ili uijue saba."
Na kweli niliijua kabla ya shule,
mwalimu akanisifu mbele ya wenzangu.
Mwaka uleule sahani ilipinduliwa juu ya ukuta
na haikuoshwa tena.
Nilidhani ni kwa sababu nimekwisha kujua.

Chini ya kadi kuna mstari: *Maelezo mengine.*
Nimekaa nao tangu adhuhuri.
Nimeandika: *Mvunjiko. Ulipona.*
Kisha nikavua glavu,
na kwa kidole chenye jasho
nikayapitia meno yaliyobaki, moja moja,
kwa sauti, nikikosea naanza upya.
Kumi na sita. Kumi na saba.

Jioni, nikifika nyumbani,
itanibidi nitafute udongo.