Rejista ya Jioni

Skuli ya kwanza iliniandika M.
M nyekundu, siku tisini na mbili,
M ya mtoro,
nami nimelala Mkoani, wodi ya wanaume,
mguu umening'inizwa kwa kamba
kama ndoo isiyofika maji.
Mkarafuu wa Mtambile haukuniuliza niko kidato gani.
Tawi lilikatika. Ndiyo hadithi yote.

Niliporudi na gongo langu
mlinzi wa lango alinipa pole.
Ofisi ikanipa jibu:
"Jina lako lishafutwa, kijana."
Lishafutwa, kama tarehe ya jana ubaoni.
Nikaenda zangu barazani kwa Bi Riziki
kuchambua pamoja na wanawake,
karafuu huku, makonyo kule,
miaka miwili,
karafuu huku, makonyo kule.

Kituo kipo Wawi, chumba kimoja kilichokuwa ghala.
Ukuta bado unanuka magunia.
Madawati ni ya kuokoteza:
la kwetu limeinama, mie naandika mlimani,
Shaame anaandika bondeni,
na kalamu zote humwendea yeye.
Tunaanza ikishasaliwa alasiri.
Mize huja na mwanawe ubavuni;
mtoto kajua kusema "kipeo" kabla hajaacha ziwa.
Kombo hutoka gereji moja kwa moja,
kila karatasi yake ina dole gumba la oili,
haina haja ya jina.

Jioni ya kwanza Mwalimu Raya aliita majina,
akafika kwa Salhina. Kimya.
Nikangoja kalamu nyekundu.
Akauliza, "Yuko wapi?"
"Konde, mazikoni."
Akaandika: Konde, mazikoni.
Kesho yake, mbele ya jina jingine: mtoto ana homa.
Mbele ya jingine: hana nauli, aendewe.
Na kweli huendewa.

Nami niliendewa.
Nilipata kumi na moja kwa mia, Hesabu,
nikajificha siku tatu barazani, nimeinamia jamvi.
Alikuja, akavua viatu, akakaa,
akaanza kuchambua bila ya neno.
Pishi ikajaa. Ya pili ikafika nusu.
Bi Riziki akaleta chai, akaondoka nayo imepoa.
Ndipo aliposema, macho yako kwenye karafuu:
"Swali la saba ulisahau alama ya kutoa.
Moja tu. Njia yote ulikuwa unaijua."
Akajikung'uta vumbi.
"Nimekuandika yupo, anaogopa.
Kesho nitaandika nini?"

Siku moja upepo ulileta harufu ya kiwanda.
Kombo akasema, "Sisi ndio makonyo, jamaa,
tulitupwa upande, kumbe tuna mafuta ndani."
Tukapiga makofi. Mize hakupiga.
"Mie si konyo," alisema, akimfuta mtoto makamasi.
"Sitaki kupikwa ili nionekane nina faida.
Mie mtu. Nataka cheti changu."
Mwalimu alicheka mpaka chaki ikamponyoka,
kisha akatwambia tufungue ukurasa wa arubaini.

Matokeo yalikuja siku ya mvua.
Mize kapita, Kombo kapita,
Salhina kapita kutushinda sote, na hakutuambia mpaka tukamsoma.
Mie nina D ya Hesabu.
Icheke ukitaka; nimeikunja mara nne,
imo mfukoni, upande wa mguu mzima.
Shaame hakupita.
Alisoma namba yake, akaisoma tena,
akasema ataka kununua muhogo, akaenda.

Jumatatu nilirudi.
Hakuna aliyeniita, na gongo nimeliacha nyumbani.
Nikakaa upande wa bonde
ili kalamu zije kwangu, yeye aandike juu.
Sehemu, tukaanza na sehemu:
nusu ya pishi, robo ya pishi.
Mwalimu Raya akapita na rejista yake,
nikachungulia mbele ya jina langu.
Kaandika: amemaliza.
Chini yake, kwa herufi ndogo:
bado anakuja.