Moja kwa Ishirini na Nne

Mchana meza hii ni ya meno ya watu.
Taya la chini la mzee Gidudu linakauka juu ya gazeti,
ufizi wa waridi, meno kumi na manne;
Ijumaa atakuja kulitafunia nyama.
Usiku nalisogeza kando,
nashusha taa,
na Bedfodi ya baba inarudi gereji.

Seti ilikuja kwa posta, boksi limebonyea pembe moja.
Mle ndani lori lilikuwa zima kupita kiasi:
madigadi zote, vioo vyote,
nambari za jeshi la nchi nyingine,
na karatasi ya maelekezo isiyolijua tope la Budadiri.
Nikahesabu vipande mia moja na sita.
Thelathini nikavitupa.

Jumamosi nikapanda boda hadi Nakaloke
kwa Wopata, ambaye kabini ya lori lile
ameifanya banda la kuku.
"Unapima nini?"
"Lori."
"Lori gani? Hili banda."
Akataka elfu ishirini, usumbufu wa matetea.
Nikatoa kumi na tano, na futi kamba.
Bodi: mita nne, sentimita thelathini na mbili.
Gawa kwa ishirini na nne, kumi na nane kamili,
kana kwamba aliyelichora alijua nitakuja.
Mlango wa kulia umeuzidi wa kushoto kidole kimoja,
ulitoka kwenye gari jingine, haukuzoea.
Nikauandika hivyo hivyo.

Mdogo wangu Wandeba, kwenye simu, yuko Soroti:
lilikuwa kijani.
Mimi nasema buluu. Tunabishana tangu matanga.
Kwa kisu changu cha nta nikakwangua chini ya bawaba:
kijivu,
halafu kijani,
halafu buluu,
na chini kabisa nyekundu ya chama cha ushirika
ambayo mimi na yeye hatukuwahi kuiona
maana hatukuwa tumezaliwa.
Nikampigia. Akanyamaza kwa muda wa salio langu.
"Basi paka kijani," akasema, "mimi ndiye niliyelisukuma."

Nimepaka buluu. Mkono ni wangu.
Kisha kijani juu yake, chembamba,
nikakisugua kwa mswaki
pale kiwiko cha baba kilipoegemea dirishani.

Kiti kilinichukua wiki mbili.
Baba alikuwa mfupi, alikalia gunia la kahawa
lililokunjwa mara nne.
Lakini gunia la kweli halifai, uzi wake mnene;
kwa kipimo hiki kila uzi ni kamba ya kufungia ng'ombe.
Nikajaribu leso. Nikajaribu soksi.
Mwishowe bendeji, nikaichovya kwenye chai ya rangi.
Taa za nyuma ni ufizi, akriliki ileile ya Gidudu,
nimeizidishia wekundu tu.

Kioo cha mbele sijaweka.
Mwaka wa sabini na tisa askari waliliazima lori siku tisa,
likarudi bila kioo, bila jeki,
na msimu mzima baba akashusha kahawa hadi Mbale
upepo usoni,
miwani ya kuchomelea machoni, nzi ndevuni.
Alikuwa akifika anacheka, meno mekundu kwa vumbi.
Miwani ile naiweza:
milimita tano na nusu, sikio hadi sikio.
Hata wa kuivaa namweza.
Mita moja na sitini na nane, gawa, sentimita saba.
Waya nimekwisha kuukata.
Umo kwenye kopo la vidonge,
sijaukunja magoti.

Wandeba anasema gari bila kioo halipiti ukaguzi.
Leo nimelisukuma kwa kidole, mara ya kwanza,
likapita kando ya gundi, likapita patasi,
likavuta kushoto, kidogo,
(ekseli niliipinda mwenyewe, nusu milimita)
likaenda kusimama
mbele ya taya la Gidudu lililo wazi.