Kijani cha Chumba cha Injini

Mkwe wangu Srećko alipaka meli miaka thelathini na minane,
na siku ya kustaafu kiwanda kilimpa saa ya ukutani.
Makopo alijipa mwenyewe:
kumi na moja, yamejipanga stoo nyuma ya baiskeli,
kijani cha vyumba vya injini,
kijani ambacho hakuna jani lililowahi kukivaa.
"Hakichuji," asema. "Hata chumvi imekishindwa."
Namjibu: "Baba, mtoto si chumvi."

Mimi nimepigwa marufuku kuvuka kizingiti.
Daktari alitaja harufu, Vedran akalikuza neno likawa sheria.
Basi nakaa kwenye korido juu ya ndoo iliyopinduliwa,
tumbo limenitangulia, miguu imeumuka kama mkate,
natoa amri kupitia mlango ulio wazi nusu,
nahodha aliyeshushwa gatini
na bado anapiga kelele kuhusu usukani.

Nje ni bura, upepo wa milimani, unagonga mbao za madirisha.
Chini, Rijeka nzima imeshika kofia zake.

Nera, mwenye miaka tisa, anahamishwa.
Anabeba kitabu kimoja kimoja
ili kuhama kwake kuchukue siku nzima
na kila mtu akuone.
Mlangoni amebandika karatasi:
CHUMBA HIKI KILIKUWA CHANGU KWANZA.
Na chini, kwa herufi ndogo: taa unaweza kutumia.

Yeye amepewa chumba cha kushonea, cha nona Ines.
Majira matatu ya baridi hakuna aliyeshona humo.
Cherehani imetoka ikiacha mabonde manne sakafuni,
na Srećko, aliyeibeba na mwanawe hadi kwenye ngazi,
alitembea kinyumenyume macho yakiwa juu ya dari
kama mtu anayehesabu nyufa.

Rangi tuliyoinunua dukani inaitwa Maziwa ya Alfajiri.
Ukutani imekuwa uji uliopoa.
Hakuna anayesema. Ilikuwa ghali.

Usiku naamka kwenda msalani, mara ya tatu, au ya nne,
naona mstari wa mwanga chini ya mlango wa nona.
Nasukuma kidogo.
Srećko amepiga magoti kwa pajama zake,
mkononi sumaku ya kiwandani, nene kama tofali,
anaiburuta taratibu juu ya mianya ya mbao.
Tik.
Pini.
Tik, tik.
Pini mbili, kulabu ya gauni, sindano iliyovunjika jicho.
Anazibandua moja moja, anazitia kwenye kopo la tumbaku.
"Atatambaa," asema, bila kugeuka.
Namwambia mtoto atalala chumba kile kingine.
"Anayetambaa hajui kile wala hiki."

Ningeondoka. Lakini sumaku ikalia tena
na ikapanda nayo sindano nzima, yenye uzi,
uzi wa buluu, shibri moja hivi, na fundo lake.
Akaitazama.
Hii hakuitia koponi.
Aliichomeka kwenye kola, upande wa kushoto,
kama marehemu alivyokuwa akifanya simu ikilia,
kisha akaendelea kuburuta,
na mimi nilikuwa na haja, nikaenda.

Asubuhi nilimtuma Vedran stoo alete kopo moja.
Moja tu! Na ndani ya kabati tu, upande wa ndani wa milango,
pale atakapojificha siku akivunja kitu.
Nera akaweka kiganja chake kabla hatujamzuia,
sasa kiko pale, vidole vitano na nusu
kwa sababu aliteleza.

Rangi ya meli haina haraka.
Srećko asema itakauka kwa siku tano.
Daktari asema kumi na mbili.
Tumbo, lililopigwa teke sasa hivi chini ya ubavu,
halijasema lolote la kuaminika.